Asasi, Ushiriki na Mtangamano: Istilahi za Jumuiya ya Afrika Mashariki Zikipimwa Mbulu na Hanang

Utangulizi

Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Katika dibaji yake mna maelezo ambayo kila mtumishi wa lugha hana budi kuyazingatia. Dibaji hiyo inataja sababu zilizoivunja Jumuiya ya kwanza, ile iliyoanzishwa mwaka 1967 na kufa mwaka 1977. Pamoja na upungufu wa utashi wa kisiasa na mgawanyo wa faida usio sawa, imetajwa kwamba sekta binafsi na wananchi waliojiunga katika vyombo vyao wenyewe hawakushiriki kwa nguvu katika shughuli za ushirikiano. Kwa maneno mengine, Jumuiya ile ilikuwa ya serikali na mashirika yao ya reli, bandari, posta na ndege. Serikali zilipokosana, hapakuwa na mwingine wa kuishika isianguke.

Mkataba wa 1999 ulikusudia kuziba pengo hilo. Ibara ya 7 inataka ushirikiano unaomweka mwananchi mbele, na Ibara ya 127 inazitaka nchi wanachama zijenge mazingira yatakayowawezesha wananchi na vyombo vyao kushiriki. Lakini maneno hayo yote yaliandikwa kwa Kiingereza, kwani Ibara ya 137 iliifanya lugha hiyo kuwa lugha rasmi, na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Ni mwaka 2021 tu ndipo Wakuu wa Nchi walipokubali Kiswahili na Kifaransa viwe pia lugha rasmi. Hivyo kazi ya kuyafikisha makusudio ya Mkataba kwa wananchi imeangukia mikononi mwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Makala haya yanadai jambo moja: kwamba istilahi anayoichagua mfasiri ndiyo inayoamua nani ahesabiwe kuwa mshiriki na nani abaki mtazamaji. Ili kulithibitisha, tutazipima istilahi chache katika Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoani Manyara.

Kwa nini Mbulu na Hanang?

Sababu ya kwanza ni ya kiisimu. Ni mahali pachache barani Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali kiasi hiki huishi jirani. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatooga ni ya Kiniloti, Kinyaturu, Kinyiramba na Kirangi ni za Kibantu, na Kihadza kinachozungumzwa katika bonde la Yaeda hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kwa wakazi wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili. Ndicho cha shule, cha ofisi, cha ibada na cha mnadani. Mzungumzaji wa Kibantu aweza kuikisia maana ya neno geni la Kiswahili kwa kuliegemeza kwenye mzizi wa lugha yake, lakini mzungumzaji wa Kiiraqw au Kidatooga hana mahali pa kuliegemeza. Kwa hiyo istilahi inayoeleweka Dongobesh au Katesh bila mkalimani imepimwa kwa kipimo kigumu.

Sababu ya pili ni ya kiuchumi. Hadi mwaka 2002 wilaya hizi zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, na mji wa Arusha ndio makao makuu ya Jumuiya. Kitunguu saumu cha Mbulu, maharage, nafaka na mifugo ya pande hizi hufika katika masoko ya Arusha, na baadhi huvuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya. Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005 na Soko la Pamoja lililoanza mwaka 2010 si mambo ya vitabuni kwa mkulima wa huko. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Kimarekani, aweza kutumia cheti chepesi cha uasili wa bidhaa ili zisitozwe ushuru wa forodha. Asipolielewa jina la cheti hicho hatakiomba, na asipokiomba atalipa asichodaiwa.

Neno "jumuiya"

Tuanze na jina lenyewe. Katika masikio ya mkazi wa Mbulu neno "jumuiya" halikuingia na Mkataba wa 1999. Kwa Mkatoliki wa Jimbo la Mbulu, jumuiya kwanza ni ile jumuiya ndogondogo ya Kikristo inayokutana nyumba kwa nyumba, utaratibu uliosisitizwa na maaskofu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970. Kwa mwanachama wa chama cha siasa, jumuiya ni chombo kama vile Jumuiya ya Wazazi. Kwa karani, Msajili wa Jumuiya ndiye anayeandikisha vyama vya kijamii na vya kidini. Huko Zanzibar nako Sheria ya Jumuiya ya mwaka 1995 ilitumia neno hilo hilo kwa vyama vinavyoundwa na wananchi wenyewe.

Maana hizi zote ni halali, na hatupendekezi kulibadili jina la Jumuiya. Mfasiri akumbuke tu kwamba sentensi kama "wananchi wajiunge na shughuli za jumuiya" haina maana moja. Kwa hiyo mara ya kwanza jina litajwe kwa ukamilifu, "Jumuiya ya Afrika Mashariki", na baadaye liandikwe kwa herufi kubwa. Katika mazungumzo ya ana kwa ana herufi kubwa haisikiki, hivyo msemaji hana budi kulirudia jina lote.

"Asasi za kiraia" na "jamii ya kiraia"

Istilahi iliyoenea nchini Tanzania ni "asasi za kiraia". Neno "asasi" limetokana na Kiarabu, na mzizi wake una maana ya msingi. Ndugu zake ni "asisi" na "mwasisi". Nchini Kenya aghalabu husikika "mashirika ya kijamii". Istilahi zote mbili zinataja vyombo, yaani mashirika yenye ofisi, katiba, mhuri na akaunti ya benki.

Lakini Mkataba haukusema hivyo. Ibara ya 1 inaeleza dhana hii kuwa ni uwanja wa maisha ya kijamii yaliyopangika, ambao ni wa hiari, unaojianzisha wenyewe, unaojitegemea, usio chini ya mamlaka ya dola, na unaofungwa na kanuni za kisheria zinazowahusu wote waliomo. Kinachotajwa hapo ni uwanja mzima, na vyombo ni sehemu tu ya vilivyomo ndani yake.

Tofauti hii inaonekana wazi Hanang. Miongoni mwa Wadatooga kuna mkutano wa wanawake unaotambuliwa kwa jadi, wenye uwezo wa kumtoza faini ya mifugo mwanamume aliyewakosea wanawake. Wataalamu wa mila wameuandika tangu zamani. Mkutano huo ni wa hiari, umejianzisha wenyewe, haupokei fedha za mtu, hauongozwi na serikali, na una kanuni zinazojulikana kwa wote. Mtu aweza kusema kwamba neno "kisheria" linauweka nje, lakini sheria za Tanzania zenyewe huzitambua sheria za mila, hivyo hoja hiyo haijitoshelezi. Kwa kipimo cha Mkataba, mkutano wa akina mama wa Kidatooga una sifa kuliko ofisi nyingi za mjini. Kwa kipimo cha neno "asasi", haumo kabisa. Kadhalika vikundi vya kuweka na kukopa, vile ambavyo wananchi huviita vikoba, vimo katika uwanja huo hata kabla havijaandikishwa popote.

Hatusemi kwamba asasi zilizoandikishwa hazina kazi. Katika Wilaya ya Mbulu, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa ardhi ya zaidi ya hekta 20,000, wakisaidiwa na asasi iitwayo Ujamaa Community Resource Team. Hati ile ilihitaji watu wanaozijua sheria na ofisi. Hata hivyo wenye haki walikuwa Wahadzabe, na asasi ilikuwa msaidizi wao. Tukitumia neno moja kwa wote wawili, msaidizi atahesabiwa kuwa mwenye haki, na siku ya mkutano wa Jumuiya ataalikwa yeye peke yake.

Neno "kiraia" nalo lina utata wake. Katika Kiswahili cha kila siku "raia" ni mtu asiye askari, na nguo za kiraia ni kinyume cha sare. Kwa maana nyingine raia ni mtu wa nchi fulani, mwenye uraia wake. Maana hii ya pili yaweza kupotosha katika mambo ya Jumuiya, kwa kuwa Ibara ya 30 inampa haki ya kufungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kila mtu aliye mkazi wa nchi mwanachama. Neno la Mkataba ni "mkazi", na mfasiri anayeandika "raia" mahali hapo ameinyang'anya haki hiyo sehemu ya watu waliopewa. Mfano mwema ni shauri Namba 9 la mwaka 2010, ambapo asasi yenye makao yake Kenya, Africa Network for Animal Welfare, iliishtaki Serikali ya Tanzania juu ya mpango wa kujenga barabara ya lami kukatiza Hifadhi ya Serengeti. Hukumu ilitolewa mwaka 2014, na Mahakama iliona kwamba kuutekeleza mpango ule kama ulivyokuwa kungekiuka Mkataba. Asasi ile haikuwa ya Tanzania, lakini ilisikilizwa.

Ukoo wa "shiriki"

Kutokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, Kiswahili kimepata ukoo mpana sana: shiriki, ushiriki, mshiriki, shirika, ushirika, ushirikiano, shirikisho, shirikisha, ushirikishaji, ushirikishwaji, na kwa upande wa imani, ushirikina. Kwa mzungumzaji wa lugha ya pili maneno haya hufanana kama mapacha. Mkulima wa Mbulu anapolisikia neno "ushirika" hukumbuka chama cha ushirika cha mazao, vile vyama vilivyovunjwa nchini mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Muumini hukumbuka meza ya Bwana.

Katika ukoo huu, maneno mawili hutumiwa kana kwamba ni sawa, na si sawa: "ushiriki" na "ushirikishwaji". Tuyatazame kisarufi. Kitenzi "shiriki" kina mtendaji mmoja, naye ni yule anayeshiriki. Kikitiwa kiambishi cha kutendesha huwa "shirikisha", na hapo mtendaji ni mtu mwingine anayemwingiza mwenziwe. Kikiongezwa kiambishi cha kutendwa huwa "shirikishwa", na mwananchi sasa amekuwa mtendwa. Linganisha sentensi hizi mbili za mfano:

(a) Wakulima wa Bashay walishiriki kuandaa maoni ya wilaya.
(b) Wakulima wa Bashay walishirikishwa kuandaa maoni ya wilaya.

Katika (a) wakulima wamefanya jambo. Katika (b) jambo limefanywa juu yao na mtu asiyetajwa, na yamkini waliitwa, wakahesabiwa, wakatia saini karatasi ya mahudhurio, wakarudi nyumbani. Ofisa aweza kuripoti kwa ukweli kabisa kwamba ushirikishwaji umefanyika, hali ushiriki haukuwako. Mkataba unapozungumza juu ya wananchi, unataka ushiriki. Unapozungumza juu ya wajibu wa serikali, hapo ndipo panapofaa "ushirikishaji". Neno "ushirikishwaji" lina nafasi yake pia, lakini ni finyu: hutaja hali ya mtu aliyeingizwa na mwingine. Hivyo lisitumiwe kama jina la haki.

"Mtangamano", "ushirikiano" na "shirikisho"

Serikali ya Tanzania ina Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Nchini Kenya neno "utangamano" limezoeleka kiasi cha kuingia katika jina la tume inayoshughulikia uwiano wa kitaifa. Katika vitabu na semina za Jumuiya limeshika neno "mtangamano". Je, haya yote ni neno moja?

Kwa maoni yetu, hapana. Ushirikiano ni kusaidiana kwa watu ambao kila mmoja amebaki na mali na mamlaka yake. Mtangamano, kutokana na kitenzi "tangamana", ni hali ya kuchanganyika na kupatana hata mambo mengine yakawa ya pamoja, kama ushuru mmoja au soko moja. Shirikisho ni nchi kadhaa kuwa chini ya dola moja ya juu. Mkataba umepanga ngazi zake kwa utaratibu huo: Umoja wa Forodha, Soko la Pamoja, Umoja wa Fedha, na mwishoni Shirikisho la Kisiasa. Mtangamano ni safari nzima, na shirikisho ni kituo chake cha mwisho.

Kwamba tofauti hii si mchezo wa maneno ilionekana mwaka 2006 na 2007, wananchi walipoulizwa juu ya kuharakishwa kwa Shirikisho. Nchini Tanzania maoni yalikusanywa na kamati iliyoongozwa na Profesa Samuel Wangwe, na walio wengi hawakuafiki uharakishaji. Watu walijibu kwa makini kwa sababu swali liliwagusa, hasa katika jambo la ardhi. Katika swali la namna hiyo, mwulizaji asiyetenganisha ushirikiano, mtangamano na shirikisho hawezi kujua amejibiwa lipi. Anayekataa dola moja aweza kuandikwa kuwa amekataa soko, na anayekubali soko akahesabiwa kuwa amekubali dola.

Neno linapofika mahakamani

Huenda msomaji akaona kwamba tunakuza mambo. Basi na tutazame shauri lililotoka Hanang kwenyewe. Tangu miaka ya 1970 mwanzoni, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, ambayo yalifikia ekari zipatazo 100,000. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wadatooga wa kundi la Wabarbaig. Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji lilifungua shauri katika Mahakama Kuu, na mwaka 1984 likashinda. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Sababu mbili za Mahakama ya Rufani zinamhusu mtu wa istilahi. Kwanza, kijiji kuwa na mamlaka ya utawala juu ya eneo hakukumaanisha kuwa ardhi ya eneo hilo ni mali yake. Maneno "mamlaka" na "miliki" yalitenganishwa. Pili, wanakijiji walitakiwa kuthibitisha kwamba walikuwa wenyeji kwa maana iliyotumiwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1923, na ikaonekana hawakuthibitisha. Mbele ya majirani zake kila mmoja alijulikana alikotoka. Mbele ya sheria neno "mwenyeji" lilikuwa istilahi yenye masharti yake, na hayakutimizwa.

Fundisho la Mulbadaw linatufaa katika mambo ya Jumuiya. Baraza la kijiji huchaguliwa na wananchi, lakini ni chombo cha utawala, na mfasiri asilihesabu kuwa asasi ya kiraia kwa sababu tu ya ukaribu wake na watu. Aidha, neno la kawaida likishaingia katika sheria hubadilika kuwa istilahi, na asiyeambiwa mabadiliko hayo mapema huyajua siku ya hukumu.

Mapendekezo

Utaratibu wetu wa zamani wa kuunda istilahi huanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Ndivyo tulivyopata "ikulu" kutoka Kinyamwezi na "kitivo" kutoka Kisambaa. Katika mambo haya hatuna haja ya kwenda mbali. Maneno tunayo, na upungufu uko katika kuyagawia kazi. Tunapendekeza yafuatayo:

1. Jamii ya kiraia: uwanja wote wa maisha ya hiari ya wananchi yasiyo chini ya dola, pamoja na mikutano ya jadi na vikundi visivyoandikishwa.

2. Asasi ya kiraia: chombo kimojawapo ndani ya jamii ya kiraia, chenye katiba na uandikishaji.

3. Kikundi cha hiari: umoja wa watu katika jamii ya kiraia ambao haujaandikishwa. Neno "kikundi" linajulikana vijijini na halihitaji maelezo.

4. Mkazi: mtu anayeishi katika nchi mwanachama, awe raia wake au asiwe. Litumike kila mahali ambapo Mkataba haukudai uraia.

5. Ushiriki: tendo la mwananchi mwenyewe kuingia katika shauri na uamuzi.

6. Ushirikishaji: wajibu wa mamlaka kufungua njia ili ushiriki uwezekane.

7. Mtangamano: mwendo wa nchi jirani kuyafanya mambo kadhaa kuwa ya pamoja, ngazi kwa ngazi. Lisitumike kwa maana ya ushirikiano wa kawaida wala ya shirikisho.

Mkataba una pia kanuni isemayo kwamba watu wa ngazi mbalimbali washiriki katika mtangamano. Kanuni ya namna hii hufasiriwa vema kwa maelezo mafupi: "jambo liamuliwe katika ngazi ya chini kadiri iwezekanavyo". Maelezo yanayoeleweka ni bora kuliko neno moja lisiloeleweka.

Hitimisho

Mwalimu wa Haydom anayefundisha uraia, karani wa halmashauri anayetafsiri waraka kutoka Arusha, na mkalimani anayesimama kati ya ofisa na wazee wa Kidatooga, wote wanafanya kazi moja. Wakiandika "asasi" mahali pa "jamii", akina mama wenye mkutano wao hawataalikwa. Wakiandika "raia" mahali pa "mkazi", mtu mwenye haki ya kushtaki hataijua. Wakiandika "ushirikishwaji" mahali pa "ushiriki", orodha ya mahudhurio itatosha kuwa ushahidi. Jumuiya ya kwanza ilikufa, kwa kauli ya Mkataba wenyewe, kwa sababu mojawapo ya kukosa watu wa kuishiriki. Jumuiya ya sasa, ambayo kufikia mwaka 2024 ilikuwa na nchi wanachama nane, imekipa Kiswahili nafasi ambayo ile ya kwanza haikukipa. Nafasi hiyo itakuwa na faida ikiwa Kiswahili chenyewe kitasema kwa usahihi ni nani anayeitwa.

Wasomaji wanaofanya kazi ya tafsiri katika wilaya zenye lugha nyingi wanaombwa kuleta maoni yao juu ya mapendekezo haya, hasa pale ambapo wananchi wamekwisha kuwa na neno lao lifaalo zaidi. Neno la namna hiyo, likithibitika kwamba linaeleweka na watu wa lugha zote za mahali hapo, lina haki ya kusikilizwa kabla ya neno lolote lililoundwa mezani.